Kabla ya Msasa: BMX ya Zamani Isiyo na Jina

REHEMA: Karibuni tena jamani. Mimi ni Rehema, niko na mwenzangu Fundi Salim, na leo meza yetu ya studio imelaziwa chuma juu ya gazeti. Kinanuka mafuta ya taa chumba kizima. Fundi, umetuletea nini?

SALIM: Fremu ya BMX, dada, ile baiskeli ndogo ya mbio za vumbini na kuruka. Ya gurudumu la inchi 20. Imetoka kwenye mtumba, ilishushwa pamoja na baiskeli za watoto, na huko ilikopita kuna mtu aliipaka rangi nyeusi kwa brashi. Brashi ya ukuta. Ona hapa, nywele za brashi zimegandia humo humo kwenye rangi.

REHEMA: Nimeziona. Stika hakuna hata moja. Sasa mtu wa kawaida akiiona hii si anapita zake?

SALIM: Muuzaji alikuwa anaiuza kama chuma chakavu. Mimi niliigeuza miguu juu kwanza. Watu wakitaka kujua baiskeli ni ya nani wanatazama stika, na stika siku hizi mtu anachapisha popote. Unaweza kukuta fremu ya dukani ya bei rahisi imeandikwa Haro, kampuni ya BMX, na Haro ya kweli haina hata herufi. Geuza, tazama chini ya bomba la ekseli ya pedali. Nambari inapigwa pale kwa nyundo, haitoki kwa sabuni.

REHEMA: Na ikiwa haipo pale?

SALIM: Watengenezaji wengine waliipiga kwenye midomo ya nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Wengine kwenye bomba la shingo. Ila usikimbilie msasa. Msasa ndio muuaji wa namba, rangi inajaa kwenye mikato ile, ukiipiga msasa unasawazisha vyote. Mimi nilitumia kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi, na mswaki wa zamani, taratibu, sehemu ya ukubwa wa vidole viwili tu.

REHEMA: Ikatoka nini?

SALIM: Soma mwenyewe. Sogeza taa ije kwa ubavu, usimulike juu moja kwa moja.

REHEMA: N... K... halafu 3, halafu tarakimu zinaendelea.

SALIM: Hiyo ni Raleigh, dada. N ni Nottingham, Uingereza, kiwandani kwao. Herufi ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya mwaka. Tarakimu ya kwanza inayofuata ni ya mwisho ya mwaka. Tatu.

REHEMA: Tatu ya lini? Inaweza kuwa 1973, inaweza kuwa 1983.

SALIM: Hapo ndipo chuma kinasaidia namba. Mwaka 1973 Raleigh hawakuwa na BMX, walikuwa wanauza Chopper, ile yenye usukani mrefu na kiti kama cha pikipiki. BMX yao, Burner, ilitoka 1982. Na 1993 mitindo ilishabadilika sana. Fremu yenye umbo hili na namba hii ni ya 1983.

REHEMA: Subiri. Raleigh hii hii ya babu zetu? Ile nyeusi ya kupandia shambani, yenye kengele?

SALIM: Kampuni moja. Pale Tanga mpaka leo utaona mzee kapakia mkungu wa ndizi kwenye Raleigh. Kwa hiyo hii si mgeni kabisa kwetu, na nitakwambia baadaye kwa nini udugu huo umeniokolea pesa.

REHEMA: Kabla ya pesa, turudi nyuma kidogo. Haya mambo ya BMX yalianzia wapi? Uingereza?

SALIM: Hapana, Marekani, kusini mwa California, mwishoni mwa miaka ya 1960 kuingia 1970. Watoto walikuwa wanatazama mbio za pikipiki za motokrosi, pikipiki hawana. Walikuwa na Schwinn Sting-Ray, baiskeli fupi iliyotoka 1963. Wakang'oa madgadi, wakaingia nazo vumbini, wakaruka vichuguu. Sasa ile baiskeli haikutengenezwa kwa kuruka. Foku zikapinda, rimu zikakatika, krenki, yaani mikono ya pedali, zikapinda.

REHEMA: Wazazi wakachoka kununua.

SALIM: Wazazi wakachoka, mafundi wakaamka. Mimi hii historia ndiyo naipenda, kwa sababu kila kilichovunjika kilizaa kampuni. Skip Hess alianza na gurudumu, akaliita Motomag, aluminiamu ya kumiminwa isiyo na spoku. Ile biashara ndiyo ikawa Mongoose. Linn Kastan wa kampuni ya Redline alitengeneza foku ya bomba la kromoli, chuma cha mchanganyiko chepesi na imara. Gary Turner alikuwa anachomelea magari ya mbio, akamtengenezea mwanawe fremu, watu wakaitamani, na leo kampuni ya GT inaitwa kwa herufi za jina lake. Ukijua kitu gani kilikuwa kinavunjika wakati gani, unaweza kusoma umri wa fremu bila hata namba.

REHEMA: Nipe mfano, maana hapa naona mabomba tu.

SALIM: Chukua hii venia, kipimo cha milimita. Pima ule mfereji wa midomo ya nyuma.

REHEMA: Milimita kumi na kidogo.

SALIM: Ekseli za zamani zilikuwa za inchi tatu ya nane, karibu milimita 10. Wale wa mitindo, wa kuzunguka na kurukia ukuta, walikuwa wanazivunja, ndipo zikaja za milimita 14. Ukikuta mfereji wa 14 ambao kingo zake zina mikwaruzo ya tupa, ujue mtoto fulani alipanua mwenyewe ili aingize gurudumu jipya. Hiyo fremu ni ya zamani ila imejeruhiwa. Hii yetu ni salama.

REHEMA: Na sproketi? Naona za vijana siku hizi mbele kuna kisahani kidogo kama cha kikombe.

SALIM: Umeona vizuri. Zamani ilikuwa meno 44 mbele, 16 nyuma. Leo utakuta 25 kwa 9. Gawanya, utaona uzito wa kukanyaga ni karibu sawa, 2.75 na 2.78. Walipunguza ili sahani isigonge vyuma wakati wa mitindo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha BMX ya "mwaka 1984" yenye sahani ndogo, huenda fremu ni ya 1984, lakini sahani si ya zama zake.

REHEMA: Na kujua kama chuma ni kizuri au cha kawaida? Maana nasikia kromoli, kromoli.

SALIM: Pima tundu la bomba la kiti. Bomba hilo kwa nje mara nyingi ni milimita 28.6. Kama nguzo ya kiti inayoingia ni 25.4, ukuta wa bomba ni milimita 1.6, chuma kinene cha kawaida. Kama inaingia ya 26.8, ukuta ni 0.9. Hakuna mtu wa kutumia chuma cha kawaida chembamba hivyo kwenye baiskeli ya kuruka, kwa hiyo hapo kromoli ina nafasi kubwa. Ni hesabu ya kutoa na kugawa kwa mbili tu.

REHEMA: Hii yako?

SALIM: Nene. Na sioni aibu. Watoto wengi wa Uingereza walipanda hizi nene, wachache walipanda zile za mashindano. Kinachonikera ni wauzaji wa mitandaoni. Burner zilitoka za aina kadhaa: iliyokuwa na magurudumu ya plastiki waliiita Tuff Burner, yenye aluminiamu ya kumiminwa ikaitwa Mag Burner, juu yake kuna Super Burner. Sasa mtu ana fremu tupu, anakwambia "hii ni Mag Burner", anataka bei ya Mag Burner. Mwulize magurudumu yako wapi.

REHEMA: (anacheka) Haya. Tuseme tumeijua. Sasa tunaifufuaje? Mimi ningeipeleka kwa mpuliza rangi leo leo.

SALIM: Usithubutu. Kwanza chini ya weusi huu kuna rangi ya kiwandani. Nimekwangua kidogo ndani ya kibanio cha kiti, pale ambapo jua halikufika, nikapata buluu. Ninaitoa nyeusi kidogo kidogo ili nione buluu imebaki kiasi gani. Ikibaki hata nusu, naiacha na makovu yake. Hiyo ni rangi yake, mikwaruzo yake ya 1983. Ukishapuliza upya, una baiskeli nzuri mpya ya rangi ya buluu na basi.

REHEMA: Wengi hawatakubaliana na wewe. Mtu anataka ing'ae.

SALIM: Kung'aa kupo kwenye kromu. Usukani wa kromu wenye kutu, chukua karatasi ya foili ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye maji, sugua. Foili ni laini kuliko kromu kwa hiyo haikwaruzi, na ile kutu inatoka kama tope la kijivu. Futa, kausha, paka mafuta mepesi. Ila kama kromu yenyewe imeshabanduka, foili haina la kufanya.

REHEMA: Sasa ule udugu wa Raleigh ya babu.

SALIM: Ah, ndiyo. Kwenye ekseli ya kati, ile ya pedali, karibu dunia nzima vikombe vyake vya gololi vina thredi, yaani mikato ya skrubu, 24 kwa inchi. Raleigh wa Nottingham kwa miaka mingi walikata thredi 26. Ukichukua kikombe cha 24 ukakilazimisha, kinaingia mizunguko miwili, kinakaza, unadhani ni kutu. Unaongeza spana, unaharibu fremu. Hii nimeipima kwa geji, ni 26.

REHEMA: Na dukani hakuna 26.

SALIM: Dukani hakuna, lakini kwa fundi wa baiskeli mwenye sanduku la makorokoro ya Raleigh za zamani, zipo tele. Nilichagua vikombe viwili ambavyo njia ya gololi haina mashimo, nikaviosha kwa dizeli, vikaingia kwa mkono mpaka mwisho, bila spana. Raha yake, acha tu. Ila ekseli ya baiskeli kubwa ikawa fupi, kwa sababu bomba la BMX hii ni pana zaidi. Ekseli ndefu bado naitafuta.

REHEMA: Kuna la kuangalia wakati wa kufungua?

SALIM: Kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kinyume. Unazungusha kulia, yaani kama unakaza. Vikombe vingi vimeharibiwa na watu wenye nguvu wasiojua hilo. Paka mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, asubuhi ndiyo ushike spana.

REHEMA: Na mwenye ya Kimarekani, Mongoose au GT? Haya yanamhusu?

SALIM: Zake nyingi hazina thredi kabisa pale. Krenki ni chuma kimoja kilichopindwa, kinapita kwenye tundu kubwa la zaidi ya milimita 51, vikombe vinagongewa kwa nyundo. Mtego wake uko juu, kwenye shina la usukani. Lipo la milimita 22.2 na lipo la 21.1. Milimita moja unaiona ndogo, lakini la 21.1 ukilitia kwenye foku ya 22.2 linacheza, na usukani unaocheza ukiwa hewani, dada yangu...

REHEMA: Usimalizie. Tairi je? Hizo angalau zinapatikana kila kona.

SALIM: Zinapatikana, ila inchi 20 ziko mbili. Soma ubavuni pale palipoandikwa kwa milimita. Unataka yenye 406 mwishoni, kwa mfano 47-406. Ipo ya 451, nyembamba, nayo imeandikwa inchi 20, na hutaivalisha kwenye rimu hii hata uite mtaa mzima. Breki nunua mpya, raba za breki za miaka arobaini zimekuwa jiwe.

REHEMA: Wasikilizaji mlio na BMX stoo, tutumieni picha za nambari chini ya fremu, Fundi atazisoma kipindi kijacho.

SALIM: Picha ya nambari, na ya midomo ya nyuma. Na taa ije kwa ubavu tafadhali, wiki iliyopita mmenitumia picha za giza tupu.