Mchanga unavyokula chuma kwenye pampu za tope

Haya wanangu, sogeeni mbele kidogo, hii elbo, kile kipande cha kona cha bomba la tope, niliyokuja nayo ipite mkono kwa mkono, kila mtu aingize kidole. Mgongo wa nje, pale bomba linapokata kona, kuna tundu linapita kidole gumba kabisa, ila tumbo la ndani chuma bado ni kinene kama siku kilipotoka dukani. Bomba lilelile, tope lilelile. Kwa nini upande mmoja umeliwa na mwingine mzima?

Kwenye plenti za dhahabu huku Kanda ya Ziwa mawe yakishapita bolumili, ile mashine ya kuyasaga, yanakuwa unga ndani ya maji, na kwenye huo unga kuna kwatzi nyingi, lile jiwe jeupe mnalolijua. Ugumu wake kwa kipimo cha Vickers ni kama 1,000 mpaka 1,100. Chuma cha kawaida cha kuchomelea mageti kina 130 hivi. Pleti ngumu ya 500 Brinell, hicho nacho ni kipimo kingine cha ugumu, ile watu wanauziwa kwa hela ndefu, kwa Vickers inafika kama 530, kwa hiyo mchanga bado unaizidi mara mbili. Chuma kinaanza kupumua pale kinapofika karibu 80% ya ugumu wa mchanga wenyewe, chini ya hapo unanunua muda tu.

Ndo maana impela nyingi, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu kusukuma tope, ni haikromu, chuma cha kumwagwa chenye kromu kama 27%. Ukikipima kwa ujumla unapata 600 na kitu, lakini ndani yake kuna punje za kabaidi, yaani kromu iliyoungana na kaboni, zenye 1,200 mpaka 1,600, hizo kwatzi haiziwezi. Chukulia sakafu ya zege: kabaidi ndo kokoto, chuma kilichobaki ndo saruji. Mchanga mwembamba unapenya katikati ya kokoto unakula saruji taratibu, na kokoto ikishakosa cha kuishika inang'oka nzima nzima ingawa yenyewe haijaliwa hata kidogo. Kwa hiyo ukiuliza chuma kina ugumu gani, uliza pia hizo kokoto zimekaribiana kiasi gani, hilo swali mafundi wengi hatuliulizi na linatugharimu sana.

Sasa turudi kwenye elbo. Daladala ikikata kona kali abiria aliyesimama anaendelea mbele, si ndiyo? Punje ni nzito kuliko maji, maji yanageuka, ila punje inaendelea mbele kuparaza mgongo. Iain Finnie aliandika mwaka 1960 jinsi punje inavyochonga chuma, na jibu ni kwamba chuma laini kinaumia zaidi mchanga ukija kwa kuparaza, nyuzi 15 mpaka 30, unachonga kama randa ya seremala. Ukija kugonga uso kwa uso, hicho laini kinabonyea kinavumilia, ila kile kigumu cha jamii ya kauri ndo kinapasuka vipande. Raba je? Raba laini inabonyea na kuirudisha punje ilikotoka, kwa tope la unga mwembamba inashinda vyuma vingi, ila jiwe lenye ncha likipita inachanika, na mafuta yakiingia inavimba.

Na spidi jamani. Plenti moja niliyofanya kazi, impela ilikuwa inakaa miezi minne, tukabadilisha puli ili tope liende haraka, spidi ikapanda kama theluthi moja, impela ikakaa miezi miwili. Tukamlaumu muuzaji, tukasema ametuletea chuma feki, kumbe ni sisi! Kuliwa kunapanda kwa spidi kuzidishwa yenyewe mara mbili mpaka mara tatu, kwa hiyo spidi ikiwa mara mbili, unaliwa mara nne mpaka nane.

Kupuliza juu ya chuma unga mgumu wa tangsteni kabaidi kwa bunduki maalumu kunasaidia, ugumu unavuka 1,100, wanafanya hivyo kwenye turbaini za umeme wa maji huko Himalaya ambako mito inashuka na kwatzi. Lakini tabaka lenyewe ni robo ya milimita hivi, na bunduki lazima ikione inachopulizia, ndani ya impela iliyofunikwa pande zote haifiki. Likibanduka ukingoni tu, tope linaingia chini yake kwenye chuma laini, na hapo hauna tena cha kuokoa.

Halafu maji yenyewe. Huku tunakotoa dhahabu kwa sayanaidi, pH, kile kipimo cha asidi, iko juu ya 10, yaani maji hayana asidi, kwa hiyo kutu haitusumbui sana, ila wenzetu wa Kolwezi kule Kongo wanaoyeyusha shaba kwa asidi, asidi inakula ile saruji na mchanga unafagia, kila mmoja anamfungulia mwenzake mlango. Chuma chetu ukikipeleka kule kama kilivyo, kitawaaibisha.

Elbo imefika kwa nani? Wewe dada hapo nyuma, umegusa ile michirizi kama mawimbi pembeni ya tundu? Inaelekea wapi? Fuata kwa kidole, utatuambia tope lilikuwa linatokea upande gani.