Rangi Isiyokuwamo Jiweni

Mabibi na mabwana, hiki nilichoshika ni kipande cha labradoraiti. Kwa mlio nyuma ni jiwe la kijivu tu, hata kuliokota njiani usingejisumbua. Subirini. Naliinamisha kidogo kuelekea taa. Mmeona? Buluu imewaka uso mzima, na pale ukingoni dhahabu. Nikiligeuza, imezimika.

Wengi hudhani kuna rangi ndani. Hamna. Lisage, utapata unga mweupe.

Labradoraiti ni ya jamii ya feldispa, madini yanayofanya zaidi ya nusu ya gamba la dunia. Ugumu wake ni 6 hadi 6.5 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10: kisu cha kawaida hakiikwaruzi, madini magumu zaidi ya kwazi (quartz) yanaikwaruza. Ikigongwa hupasuka kwa nyuso mbili bapa zinazokutana kwa pembe ya nyuzi 86 hivi, karibu na pembe mraba lakini si yenyewe. Tazama uso mmojawapo kwa lenzi: kuna michirizi myembamba, imenyooka sambamba kama iliyopigwa kwa rula. Katika kulitambua jiwe hili, mimi huiamini michirizi hiyo kuliko rangi, maana rangi huweza isionekane kabisa.

Kwa nini isionekane? Fuwele hii ina kalisiamu na sodiamu pamoja. Ikipoa polepole mno, viwili hivyo huanza kutengana ndani ya jiwe lililokwisha kuganda, tabaka juu ya tabaka: hili lina kalisiamu zaidi, linalofuata lina sodiamu zaidi. Unene wa kila tabaka huhesabiwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita, makumi hadi mia na ushei. Nuru hurudi kutoka kila tabaka, na mawimbi yakikutana, mengine huuana, mengine hupeana nguvu. Tabaka nyembamba hutoa buluu. Zikinenepa, njano hadi nyekundu. Povu la sabuni hufanya vivyo hivyo.

Basi labradoraiti ya kwenye basalti, lava iliyopoa haraka, kwa kawaida haiwaki. Inayowaka hutoka kwenye gabro na anothositi, miamba iliyopoa taratibu chini ya ardhi. Jina limetokana na Labrador, Kanada, ambako wamisionari wa Kanisa la Moravian waliikuta karibu na kijiji cha Nain yapata 1770. Ile ya Ylämaa, Finland, ndiyo yenye rangi nyingi kuliko zote nilizowahi kutazama.

Wakata vito huijua tabia hii vizuri: kabla ya kuwasha msumeno hulizungusha jiwe majini hadi uso unaowaka ujitokeze. Wakikosea pembe, wanabaki na kito cha kijivu.