Kufuli la Vigae vya Ramani Likae Wapi?

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kugusa mipangilio yoyote, jiulizeni mnalinda nini. Kama seva yako inatoa vigae (vipande vidogo vya picha vinavyoungana kuwa ramani) vya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, tu, data yenyewe iko wazi kwa kila mtu. Unachookoa ni prosesa na gharama za mtandao. Kama ndani yake mna tabaka, yaani safu ya data juu ya ramani, la mabomba au la wateja, hapo unalinda siri, na ulegevu hauna nafasi.

Mtu akifungua dashibodi, yaani ukurasa wenu wenye ramani, kivinjari huomba vigae kwa makumi, kila kimoja kwa anwani yake, mfano /12/2100/1500.png: ngazi ya ukuzaji, kisha namba za safu na mstari. Ukikijua kimoja umemjua na jirani yake: ongeza moja tu. Ngazi ya 18 peke yake ina vigae zaidi ya bilioni 68, na skripti ya mistari michache yatosha kuitesa seva usiku kucha.

Wengi huficha ufunguo, yaani neno la siri la kuombea vigae, ndani ya JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari. Umefichwa wapi? Bonyeza F12, tazama maombi ya mtandao, huo hapo. Wengine wanategemea CORS, kanuni inayosema tovuti ipi iruhusiwe kusoma data ya seva nyingine. Jamani, CORS huongea na kivinjari. Curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, haina habari nayo. Referer, kichwa kinachotaja ukurasa ombi lilikotoka, nayo hughushiwa kwa amri moja.

Kufuli likae mbele ya seva. Seva ya vigae isikilize 127.0.0.1 pekee, yaani mashine yake yenyewe, wageni wapokelewe na Nginx, seva ya wavuti inayokaa mlangoni. (Mnaoendesha seva ndani ya kontena za Docker, angalieni: poti mliyoifungua kwa -p huipita pembeni ufw, ngome ya mtandao ya Linux, nanyi mmelala mkidhani mmefunga.) Kwa agizo la auth_request, Nginx huiuliza dashibodi kama huyu ameshaingia. Jibu likiwa 401 au 403, yaani hajatambulika au haruhusiwi, kigae hakitoki.

Utambulisho husafirije? Hapa ndipo watu hukwama. Leaflet, maktaba ya kuonyesha ramani kwenye kivinjari, huvuta vigae kama picha za kawaida, na tagi ya img haibebi kichwa cha Authorization, kinachobeba utambulisho. MapLibre, maktaba nyingine ya ramani, inaweza, kwa chaguo lake la transformRequest. Mimi ningeweka vigae chini ya kikoa kilekile cha dashibodi, tuseme /vigae/, kidakuzi cha kikao (alama ambayo kivinjari hutunza baada ya mtu kuingia) kiende chenyewe. Habari ya CORS inaishia hapo.

Vikoa vikilazimika kutofautiana, tumieni anwani yenye sahihi ya HMAC, inayotengenezwa kwa siri ya seva, na muda wa kuisha. Tieni sahihi tabaka zima, si kigae kimoja kimoja. Na sahihi hiyo isiingie kwenye ufunguo wa kache, yaani jina ambalo hifadhi ya muda hutunzia kigae, la sivyo kila mtumiaji atachorewa ramani upya.

Ila kache nayo ikaguliwe. Aliyeingia aifungue ramani, kisha mwenzake abandike anwani ya kigae kilekile, bila sahihi, kwenye dirisha la faragha. Picha ikitokea, kuna kache iliyokaa nje ya kufuli. Tabaka za siri zipeni kichwa cha Cache-Control: private, kinachokataza kache za pamoja kuzihifadhi, halafu mjaribu tena.