Imepooza, Imedoda, Imechuja: Kiswahili na Vitu Visivyokata Kiu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni maneno ya kuelezea vitu visivyovutia na visivyoridhisha, na hatari yake naijua: mhadhara juu ya mambo yanayochosha ukichosha, msemaji hana pa kujificha.

Nianze na kijana mmoja aliyeniletea uhakiki wake wa filamu niupitie. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, na neno "inaboa" nililihesabu mara saba. Hadithi inaboa, muziki unaboa, mwisho unaboa. Sikuwa na ugomvi na neno lenyewe. Limetoka kwenye Kiingereza, likavishwa viambishi vyetu, likazoeleka. Leo mtoto anasema "usiniboe" na bibi yake anaelewa. Nilimuuliza jambo moja tu: "Ilianza kukuboa dakika ya ngapi?" Akafikiri kidogo. "Mwanzo ilikuwa nzuri, mwalimu. Iliharibika yule mjomba alipokufa." Basi hiyo haikuboa, nikamwambia. Hiyo ilipooza.

"Inaboa" inaeleza hali yako wewe uliyekaa kitini. "Imepooza" inaeleza kilichokipata kitu: kulikuwa na joto, limeondoka. Na kila ninapokaa kuorodhesha maneno haya nashangaa jinsi Kiswahili kinavyopenda kuyasema kwa vitenzi. Vivumishi vyetu vyenye asili ya Kibantu si vingi. Kwa hiyo tunachukua kitenzi, tunakipachika -me-, na hapo hapo kitu kinakuwa na historia. Mazungumzo yamedorora: maana yake yalikuwa yakienda. Hamasa imefifia: ilikuwa ikiwaka. Bidhaa imedoda: iliwekwa inunuliwe, watu wakaipita. Hili la mwisho nalipenda mno. Mtu akisema kitabu kimedoda, naiona rafu nzima, nakala zimesimama bega kwa bega, vumbi limetanda juu.

Au chukueni "pwaya". Ni neno la nguo: suruali iliyomzidi mvaaji, anatembea ameishikilia kiunoni. Watangazaji wa mpira wakaliazima, beki akapwaya. Wahariri nao wakaliazima, hoja ikapwaya. Suruali bado imo humo ndani. Hoja inayopwaya si lazima iwe ya uongo. Ni ushahidi mwembamba uliovikwa madai makubwa. Nikiambiwa hivyo najua la kufanya: nipunguze kitambaa, au nikatafute mwili wa kukijaza. Nikiambiwa hoja yangu "ni mbaya", nitanuna tu.

Kitambaa hicho hicho kikifuliwa mno huchujuka, rangi ikaenda na maji. Vijana wakisema msanii fulani "amechuja", mimi nasikia beseni.

Na "poa" je? Hilo ni kichekesho. Mchezo uliopoa ni balaa, mambo yakiwa poa ni heri. Sifa na lawama zimelala kitanda kimoja, wala hatugombani.

Vipo lakini vitu ambavyo hatuwezi kusema vimepooza, kwa kuwa havikuwahi kuwa na joto. Hapo tunahamia ulimini: chapwa, dufu. Kitu hakikuungua, hakikuchacha, kosa lake hulioni. Ukikionja hakuna kinachokujibu. Hii ndiyo lawama ngumu kuliko zote kuiandika, maana hakuna mahali pa kunyooshea kidole. Mimi hujisaidia kwa kinyume chake, "kolea". Chumvi hukolea, rangi hukolea, utani hukolea, hata usingizi hukolea. Kabla sijaandika kwamba shairi ni chapwa, hujiuliza ni kipi hasa ambacho hakikukolea: huzuni? dhihaka? Mara nyingi jibu liko kwenye ubeti mmoja tu.

Duni na hafifu nitayapita mbio. Ni maneno ya Kiarabu, kule duni ni chini na hafifu ni nyepesi. Huku kwetu hayabadiliki kwa ngeli, na yamekuwa maneno ya ripoti. "Kiwango duni" kimeandikwa mpaka chenyewe kimekuwa duni. Karibu nayo kuna "inaridhisha", ambayo kwenye taarifa za maendeleo ya wanafunzi mara nyingi humaanisha mtoto kaponea chupuchupu. Mzazi akiisoma, haridhiki.

Ninalotaka tukae nalo ni "kinai". Nalo limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuridhika, na maana hiyo bado tunayo: aliyekinai ametosheka, hakodolei cha mwenzake. Lakini kula kitamu kimoja siku tano mfululizo. Siku ya sita umekikinai, hutaki hata harufu yake. Ridhaa na karaha ndani ya neno moja, na katikati yake kijiko kimoja cha ziada.

Kwa hiyo si kila kisichoridhisha kimepungukiwa. Kuna mwandishi anayetia tashibiha tatu katika kila sentensi, zote nzuri, na ukifika ukurasa wa kumi unatamani sentensi inayosema tu kwamba mvua ilinyesha. Ukimwita chapwa umemwonea. Anakinaisha. Anachusha. Na hapa kuweni macho: kuchosha ni kummaliza mtu nguvu, kuchusha ni kumfanya asitake tena. Irabu moja. Niliwahi kuandika kwamba riwaya fulani inachusha, msahihishaji akaona nimekosea, ikachapwa "inachosha". Mwandishi wake alinipigia simu kunishukuru kwa upole wangu. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Yule kijana wa filamu alirudi baada ya wiki. Uhakiki umefupika hadi nusu ukurasa. Mpaka kifo cha mjomba hadithi imekolea, kisha inapooza. Binti anayeigiza kama jaji anapwaya. Vichekesho vya jirani vinakinaisha kufikia mara ya nne. "Inaboa" imebaki moja, kwenye wimbo wa mwisho. Nikamuuliza hiyo kwa nini ameiacha.

"Hapo, mwalimu," akasema, "kweli iliniboa."

Nikaiacha.