Kumpanga Shaaban Robert Mwaka kwa Mwaka

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo. Leo sisimulii maisha ya Shaaban Robert. Wengi humu ukumbini mumemsoma shuleni. Nataka tuzitazame tarehe zake, kwa sababu ndizo zinazomtesa mtafiti.

Vitabu vinasema alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Mtu wa zama zile akiambiwa kazaliwa mosi Januari, ulizeni kwanza nani aliyeandika. Tufungue kalenda ya Kiislamu: siku hiyo ilikuwa katika Mfungo Tatu, yaani mwezi wa Dhulhija, mwaka 1326, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Mwezi wa Shaaban ulishapita tangu Septemba. Sasa, kama mtoto alipewa jina la mwezi aliozaliwa, twarudi nyuma hadi Agosti au Septemba 1908, au twasogea mbele hadi miezi hiyohiyo ya 1909. Kama jina ni la babu, na pwani hii majina ya babu hayaishi, basi hoja yangu yaanguka. Mimi katika daftari naandika "1909, takriban," nikaendelea.

Kazi zake hazina taabu. Forodha kuanzia 1926 hadi 1944, kisha idara ya wanyama, halafu ofisi ya wilaya Tanga tangu 1946, na upimaji ardhi kuanzia 1952. Ukarani una faida hiyo: serikali hujua karani wake yuko wapi.

Taabu iko katika maandishi. Utenzi wa Vita vya Uhuru wahusu vita vya 1939 hadi 1945, lakini ulichapishwa 1967, naye alifariki 20 Juni 1962. Anayepanga maisha kwa miaka ya uchapaji atamfanya marehemu atunge. Na katika wasifu wake mwenyewe, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, anapenda zaidi kueleza alichojifunza kuliko mwaka aliojifunza.

Hapo ndipo mdogo wake anapotuokoa. Yusuf Ulenge, ambaye naye ni mwandishi wa hadithi, alizihifadhi barua za kaka yake. Mtafiti wa fasihi, M. M. Mulokozi, alizihariri, nao TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazitoa mwaka 2002: barua za kuanzia 1931 hadi 1958. Barua hubeba tarehe na mahali ilipoandikwa, kwa hiyo unaweza kuiweka kando ya kituo chake cha kazi ukaona kama vinakubaliana. Tahadhari moja tu: mtu akikumbuka jambo kwa Ramadhani, usikisie mwezi. Ramadhani ya 1931 iliingia Januari, ya 1944 Agosti, ya 1958 Machi.

Jedwali langu lina safu mbili. Ya Shaaban yajaa. Ya Yusuf naijaza kwa kupitia maneno ya kaka yake, na hilo halinifurahishi, kwani mpokeaji naye alikuwa na maisha yake, si sanduku la posta. Halafu barua zakoma 1958, mwaka mmoja tu kabla mkubwa hajatimiza hamsini, umri alioutia katika jina la wasifu wake.

Mji huu na Tanga ni majirani. Wenye mababu waliokuwa makarani wa forodha au walimu miaka ya thelathini hadi hamsini, tafadhalini, fungueni masanduku ya zamani kabla ya kuhama nyumba. Hata bahasha tupu yenye muhuri wa posta yanitosha.