Filta za vakumu kwenye Cessna 172: badilisha zote mbili, skurubu ya regulata iache

Jambo yenu! Leo tunabadilisha filta za vakumu kwenye Cessna 172, hapa uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi. Mwenye Piper naye abaki, pampu ikiwa ya vakumu kazi ni ile ile, mahali pa kupitisha mkono tu ndipo panapotofautiana. Sharti moja kabla ya bisibisi: zungumza na fundi mwenye leseni anayesimamia ndege yako. Yeye ndiye anayetia sahihi kwenye daftari. Mukikubaliana, twende.

Filta ziko mbili. Kubwa iko nyuma ya tablo, ule ubao wa vipimo, na hewa yote inayozungusha jiro, yaani vigurudumu vya kasi ndani ya horizoni (kipimo kinachoonyesha ndege imelalia wapi) na ndani ya dira, inapita humo kwanza. Ya pili ni hii pete ya sponji, inavaa kwenye regulata. Pampu inafyonza kwa nguvu kuliko jiro zinavyohitaji, kwa hiyo regulata inaingiza hewa kidogo ya pembeni ili mvuto usipite kiasi, na hewa hiyo ya pembeni inachujwa na pete. Kwenye ndege nyingi namba ya filta kubwa ni D9-18-1 na ya pete ni B3-5-1, lakini thibitisha kwenye kitabu cha vipuri cha ndege yako.

Sasa nisikilize vizuri, hili nitalirudia mpaka unichoke. Pete ikiziba vumbi, regulata inakosa hewa ya pembeni, mvuto unapanda. Mtu anaona sindano ya kipimo cha mvuto imepita kijani, yaani eneo la kawaida, anachukua bisibisi, anazungusha skurubu ya regulata mpaka sindano irudi. Roho yake imetulia. Siku pete mpya inapowekwa, hewa inaingia kama kawaida na mvuto unaanguka chini ya kijani, jiro zinazunguka kivivu, horizoni inalala polepole na rubani yuko mawinguni. Skurubu usiiguse. Pete kwanza.

Filta kubwa ina ujanja wake. Ikiziba, kwenye ndege zingine kipimo kinashuka. Kwenye zingine kinabaki kizuri kabisa huku jiro zinakosa hewa, inategemea mrija wa kipimo umechomekwa wapi. Ndiyo maana tunahesabu saa, hatungoji sindano iseme. Desturi ni pete kila saa 100, kubwa kila saa 500 au kila mwaka. Kwa vumbi jekundu la kiangazi chetu, na hizi barabara za malori ya shaba, mimi ningekata hesabu hiyo nusu. Sponji ni bei ndogo, jiro si bei ndogo.

Haya. Washa injini, ipate joto, panda mpaka mizunguko 1,700 kwa dakika au ile iliyoandikwa kwenye kijitabu chako. Soma kipimo. Kijani cha 172 nyingi kiko kati ya inchi 4.5 na 5.4 za zebaki. Hapa… ngoja, jua linapiga kioo, nisogeze kamera. Sawa: 5.6. Andika. Usisome injini ikiwa polepole, hapo karibu kila ndege inaonyesha kidogo na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Zima. Magneto zote, ufunguo mfukoni, swichi kuu chini, halafu toa waya hasi wa betri. Tunaingiza mikono katikati ya nyaya, kwa hiyo saa na pete ya ndoa navyo vitoke. Sasa subiri. Jiro bado zinazunguka, munasikia ule mlio mwembamba? Mpaka unyamaze usisukume ndege wala usigonge tablo. Dakika 10 au 15, nenda kanywe chai.

Kiti cha mbele nyuma kabisa, bora kitoke. Unalala chali, kichwa chini ya tablo, miguu nje ya mlango. Weka mto kwenye kizingiti, mgongo wako utanishukuru. Tochi, kioo kidogo cha mkono, bisibisi fupi. Hujui filta kubwa iko wapi? Shika mpira wa kupitisha hewa unaotoka nyuma ya horizoni, ufuate.

Kabla ya kufungua chochote, futa. Kitambaa chenye unyevu kidogo, futa mwili wa filta, shingo, kibano, mpira. Ona kitambaa kilivyo, kama matofali. Ukifungua vumbi hili likiwa bado juu, linaanguka ndani ya mpira, na kutoka hapo hakuna kitu cha kulizuia lisifike kwenye beringi za jiro. Filta uliyoileta ilinde jiro, wewe mwenyewe umelipeleka vumbi ndani.

Legeza kibano. Toa mpira kwa kuuzungusha pole, shingo ni plastiki, ukiulazimisha pembeni inakatika. Mara tu mdomo unapokuwa wazi, ziba kwa kofia safi ya plastiki. Si karatasi, si pamba, si kitambaa chenye nyuzi. Kofia ziwe za rangi kali, na zihesabu. Mimi natumia nyekundu.

Eh, simama. Sogea na tochi. Munaona huu mpasuko pale mwisho? Mpira umekauka, ukiukunja unachanika. Huu haurudi. Usikate tu ile sehemu mbovu ukavuta uliobaki ufike, utabana kwenye kona na kuzuia hewa. Tena mpira uliozeeka unamwaga vipande ndani, vinakwenda kwenye pampu, na pampu kavu, yaani isiyolainishwa kwa mafuta, ina vibati vya kaboni. Kipande kidogo kinatosha kuvivunja. Kipimo kile kile cha ndani, urefu ule ule, mpira ulioidhinishwa kwa ndege. Si wa petroli wa pikipiki.

Tumeleta mpya. Filta kubwa mpya inaingia, mshale wake ukiwepo uangalie hewa inakoelekea. Mpira unaingia mkavu: bila grisi, bila mafuta, bila silikoni. Ukikataa, ushike mikononi upate joto, utakubali. Na viungo vyenye nyuzi za skurubu usivivalishe utepe mweupe wa mafundi bomba wala dawa ya kuziba. Vipande vyake navyo vinakwenda kwenye pampu. Kibano kaza mpaka mpira usizunguke kwa vidole, basi. Hatufungi gurudumu la lori.

Pete sasa. Ya zamani inatoka kwa ukucha. Usiitie maji ukairudisha. Na mpya usiitie mafuta! Najua wengi wetu tunapaka mafuta sponji ya filta ya pikipiki. Hii hapana, mafuta yanakusanya vumbi na kuziba regulata.

Mpya inavaa hivi, anza upande wa ukutani usiouona, malizia upande wako. Wengi wanaanza upande wao, ndipo pete inajikunja kwa nyuma. Mkono wangu umeziba kamera, nirudi. Tena: nyuma kwanza. Sasa kioo, tochi, zungusha jicho pande zote. Pale chini, munaona mkunjo? Hapo hewa inapita bila kuchujwa. Inatoka, inavaa tena. Bila kioo usingeiona. Sasa imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Bisibisi iko mkononi na skurubu iko hapo karibu, inakuita. Iache.

Kabla ya kutupa za zamani, zisome. Nyekundu nje, kawaida. Halafu nenda kwenye pampu: unga mweusi kwenye bomba lake la kutolea hewa ni vibati vinavyoisha. Mafuta kuzunguka kitako chake ni sili inayovuja, na pampu kavu haipendi mafuta. Ukiona chochote kati ya hivyo viwili, muite fundi. Mukiosha injini, pampu ifunikwe.

Hesabu kofia. Rudisha waya wa betri, washa, mizunguko ile ile ya mwanzo. Inasoma 5.1. Nzuri. Ikishuka chini ya kijani, huenda mtu aliwahi kuzungusha skurubu. Sasa, pete ikiwa mpya, ndipo fundi anairekebisha, yeye na si wewe. Ikibaki juu sana na pete ni mpya, kipimo chenyewe kikaguliwe.

Horizoni isimame wima ndani ya dakika 5. Dira ya jiro iweke sawa na dira ya sumaku, uiangalie baada ya dakika 15: isipotee zaidi ya digrii 3. Kwa latitudo yetu mzunguko wa dunia peke yake unaipoteza digrii 3 hivi kwa saa nzima, kwa hiyo ikipotea 10 kwa robo saa, usisingizie dunia, beringi zimechoka.

Daftarini: tarehe, saa za ndege, namba za filta mbili, mpira uliobadilishwa, kipimo cha kabla na cha baada. Fundi anatia sahihi. Pete ninazo, na mipira pia. Ukiniandikia, taja namba iliyopigwa kwenye mwili wa regulata yako. Usiniambie tu "ya Cessna."