Filimbi Iliyo Kwenye Ukingo wa Nozo

Habari za jioni. Nimekuja na mpira wa kompresa, ule ule wa fundi pancha. Waliokaa mbele wanisamehe.

Mmesikia huo mlio? Mgandamizo wa tangi ukizidi takribani mara mbili ule wa hewa ya ukumbini, hewa hufika mdomoni mwa mpira ikiwa na kasi ya sauti, na ikitanuka nje inaipita. Msidhani basi kwamba jeti, yaani mikondo ya hewa inayochomoka, za kasi hiyo ni za ndege za kivita tu.

Kelele nyingi za jeti huzaliwa nje ya nozo, yaani mdomo inapotokea hewa, pale hewa inayokimbia inapokutana na iliyotulia. Vizingia vidogo, yaani hewa inayozunguka kama kimbunga, hujikunja, vikakua, vikameza hewa ya pembeni. Mwanahisabati James Lighthill alionyesha mwaka 1952 kwamba nguvu ya kelele hiyo hupanda kwa kipeo cha 8 cha kasi: kasi mara 2, kelele mara 256. Juu ya kasi ya sauti kanuni hii hulegea, ila linaingia balaa jingine.

Ndani ya jeti kama hii mawimbi ya mshtuko, yaani kuta nyembamba ambapo mgandamizo unaruka ghafla, hujipanga mfano wa shanga. Kizingia kikipita kwenye ushanga, hutoa sauti. Sauti hurudi nyuma kupitia hewa ya nje, inagonga ukingo wa nozo, na hapo kizingia kipya kinazaliwa. Nacho kikifika kwenye ushanga, yale yale. Mtafiti wa sauti Alan Powell alilieleza duara hili mwaka 1953. Ni filimbi kali, na kwenye ndege inaweza kuchosha chuma hadi kikapata nyufa.

Kwa hiyo ugomvi wote unapita kwenye ukingo. Nozo ya duara ni rafiki wa filimbi, maana sauti inagonga ukingo wote kwa pamoja. Nozo ya yai huchanganya hewa upesi zaidi, na jeti yake ina kituko: upande mpana hujibana, mwembamba hutanuka, mbele kidogo umbo limegeuka robo duara!

Kuna pia meno, kama ya msumeno, mliyoyaona nyuma ya injini za Boeing 787. Yanapunguza ngurumo nzito, lakini yanaongeza kidogo sauti nyembamba karibu na mdomo, na msukumo kidogo unapotea. Wahandisi hulipia kila jino.

Sasa nachomeka kipande cha waya mdomoni. Kijana wa kompresa, fungulia.

Filimbi iko wapi?